Mtu wa Kukushikia Kamba

Nyakato, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Hali sikuulizi, maana asubuhi nimekuona ukila viazi na umekula vizuri. Najua na mahali ulipo sasa hivi. Umekwenda Igoma kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu atoke kwake kabla hajamwombea mpaka magoti yaume, kwa hiyo muda ninao. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne, na herufi zangu zinatembea kama mbuzi waliofunguliwa. Soma polepole, na usimpe mtu akusomee.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, na ya kutomwachia mtu mzigo wako kwenye basi nimeshayasema mpaka umechoka. Sitayarudia. Nataka kuandika habari ya shimo. Kwa mdomo nimeshindwa, maana kila nikianza unasema, "Mama, umeanza," halafu unacheka, na mimi nacheka, na jambo linapita. Karatasi haina wa kuichekesha.

Naogopa, Kabula. Siku uliporudi na habari kwamba umechaguliwa kwenda Arusha kujifunza kujenga mitambo ya gesi ya samadi, majirani walikuja kunipongeza. Niliwapikia chai, wakanywa, wakasifu, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenye nyumba ana hofu. Naogopa kwamba siku moja utashuka kwenye shimo huko, mbali na mimi, na hutapanda. Basi nimelisema. Mengine yote nitakayoandika ni hilo hilo.

Babu yako Masanja, baba yangu, ulimkuta mzee wa kuota jua. Mimi nilimkuta fundi wa visima, na kule Kwimba hapakuwa na mtu aliyetaka maji bila kupita kwake. Kaka zangu walikuwa machungani, kwa hiyo mshika kamba wake nilikuwa mimi. Kila asubuhi, kabla hajashuka, aliwasha koroboi, akaifunga kwenye kamba, akaiteremsha taratibu. Ikifika chini inawaka, anashuka. Ikififia ikazimika, anakwenda kukaa kando na kiko chake. "Chini hakuna pumzi leo," anasema, na kazi inalala. Wenye kisima wakinung'unika kwamba anawapotezea siku, anawajibu, "Haya, shuka wewe. Mimi nitakushikia kamba." Sikumwona aliyeshuka.

Kijiji cha jirani walikuwapo ndugu wawili nao wakichimba. Mkubwa akaanguka chini, mdogo akaruka kumfuata ili amwokoe, na wote wawili walitolewa kwa kulabu. Babu yako alipotoka kwenye maziko yale alinikalisha chini. Akasema, "Minza, siku ukiona nimenyamaza humo, vuta. Ukishindwa kuvuta, piga kelele. Lakini ukishuka kunifuata, nitakuchapa hata nikiwa maiti." Nilicheka. Nilikuwa mtoto, nikaona picha ya maiti ameshika fimbo.

Hivyo ndivyo nilivyokua, nikijua kwamba koroboi ndiyo inayosema ukweli wa shimo. Nilijua hilo kama wewe unavyojua kwamba maji yanashuka mlima.

Nikaolewa, nikaja mjini. Baba yako alikuwa kwenye kiwanda cha kukamua mbegu za pamba hapa Nyakato, upande wa majenereta. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unaikumbuka ile harufu ya dizeli aliyokuwa anarudi nayo, ulikuwa unamwambia ananukia vizuri. Halafu ikaja ruksa, soko likawa huria, kiwanda kikaanza kukohoa. Wafanyakazi waliambiwa wapumzike nyumbani kidogo, wataitwa. Hawakuitwa. Mji mzima ukageuka wa wachuuzi. Aliyekuwa karani akawa anauza mitumba, aliyekuwa fundi mitambo akawa anauza soda, na mwenye pipa lolote akaanza kuuza mafuta ya taa kwa chupa.

Mzee Rajabu, yule jirani yetu wa gereji, alitaka kuuza zaidi ya chupa. Alinunua tangi la mafuta la zamani lililofukiwa nyuma ya gereji yake, na ndani yake kulikuwa na tope. Akamwita baba yako alisafishe. Babu alikuwa amekuja kututembelea wiki ile. Tulikuwa tunakula, baba yako akamwuliza, "Mzee, shimo la chuma na shimo la udongo si yote mashimo?" Babu akatafuna kwanza. Akasema, "Yote." Asubuhi yake nilijaza koroboi mwenyewe, nikapunguza utambi usitoe moshi, nikampa.

Kilichotokea umekisoma tangu utotoni kwenye mikono ya baba yako. Koroboi haikufika hata nusu ya kamba.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala si kwamba nakuungamia. Baba yako alishasema akiwa wodini kwamba taa angeishusha hata kama mimi ningekuwa safarini Geita, na babu yako akasema yeye angeishusha kabla yetu sote. Tulilimaliza hapo hapo. Ninachotaka ukione ni kwamba hatukuwa wajinga, mwanangu. Tulikuwa na elimu. Ilikuwa elimu ya kweli, iliyookoa watu Kwimba nzima, na sisi tukaibeba nzima nzima tukaipeleka kwenye shimo ambalo haikuwa inalijua. Kisimani hewa mbaya inazima moto. Kwenye tangi la mafuta hewa yenyewe ni moto unaosubiri. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu siku zile kila mtu alikuwa amehama kutoka kazi anayoijua kwenda kazi asiyoijua, na hapakuwa na wa kumwuliza.

Baada ya hapo nikaogopa mpaka nikawa mjinga. Jiko la mchina nililitupa na tambi zake. Mafuta ya taa sikutaka yavuke kizingiti. Ukawa unasoma kwa mwanga wa kuni, umelala kifudifudi karibu na mafiga, na nywele za mbele zikawa zinaungua ukidhani sioni. Nikasema kuni hazijamlipukia mtu. Na kwa vile nilikuwa nimeanza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kusafiri kwenda Ulaya, kikaango kilikula kuni kama moto wa harusi. Vilima vya karibu vikaisha. Mawe yakabaki peke yake, unavyoyaona. Nikaanza kukutuma mbali, huko nyuma ya Kisesa, na kila mara mbali zaidi, mpaka siku ile mlipokimbizwa na walinzi wa msitu ukaanguka kwenye mawe. Ulirudi umeshika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto kama umebeba mtoto wa mwenzio. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlangoni. Uliandika kwa kushoto. Matokeo tunayajua.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha, kwamba woga nao unapofuka. Niliogopa moto, nikakupeleka kwenye mawe. Niliangalia upande mmoja tu, ule ulioniuma. Kwa hiyo nikisema naogopa, usidhani nadhani woga wangu una akili siku zote. Umenidanganya mimi, na wewe umekulipisha.

Sasa unakumbuka siku ile ya Busisi? Tulikuwa tunakwenda Sengerema kwenye msiba, tukafika Kigongo tukakuta kivuko cha kwenda Busisi kimelala. Dizeli hakuna. Wakasema gari la mafuta liko njiani, na njia yenyewe ilikuwa ndefu, maana tulikaa pale mpaka jua likahama upande. Ziwa lilikuwa limefunikwa magugu maji, kijani mtupu, mpaka ndege wanatembea juu yake. Watu walikuwa wanayalaani magugu, wanailaani dizeli, wanailaani serikali, wanamlaani na muuza karanga kwa kuuza ghali. Wewe ulikuwa umechuchumaa ukingoni umeshika gugu moja kwa mizizi, unaligeuzageuza. Ukaniambia, "Mama, dizeli imetoka Uarabuni kwa meli na imetuchelewa. Hili limekuja lenyewe mpaka miguuni, na sisi tunalilaani."

Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli akasema, "Basi litie kwenye injini, binti, tuvuke."

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukamwambia, "Haliingii kwenye injini, shikamoo. Linaingia kwenye shimo." Yule mzee akaitikia marahaba na kicheko kikamwishia njiani.

Mimi nililolisikia ni neno shimo tu. Ulikuwa umeshaanza kwa Fundi Deusi wakati huo.

Huyo Fundi Deusi sikumchukia, ingawa wewe ulidhani namchukia. Alipokuja kutoka Bukoba kumjengea jirani yetu Mama Sabina mtambo wa gesi, mimi nilikuwa wa kwanza kusema ni mwendawazimu. Mtu anachimba shimo kubwa, analijengea kuba la matofali chini ya ardhi, halafu anataka ng'ombe walijaze. Wewe ulikuwa unamchekechea mchanga tu ili upate pesa ya daftari za wadogo zako. Halafu akaona mwili wako mwembamba unapita kwenye tundu la juu, akakupa mwiko, akakuambia ingia upige lipu kwa ndani. Siku hiyo nilikuwa napita na beseni la mapanki kichwani. Nikaona kichwa cha mwanangu kinazama ardhini. Beseni lilianguka. Mbwa wa Mama Sabina wanaisifu siku ile mpaka leo.

Na maneno waliyoyasema akina mama wa gulioni unayakumbuka. "Mama Sabina, leo mchuzi umeungwa kwa ng'ombe wa mbele au ng'ombe wa nyuma?" Mama Sabina anajibu bila kugeuka, "Wa nyuma, na bado una ladha kuliko wako." Walikuja mmoja mmoja kunusa chai yake. Walinusa kikombe, walinusa sufuria, mmoja alimnusa Mama Sabina mwenyewe begani. Haikunuka kitu. Moto ule ulikuwa wa buluu, umekaa kimya, hauna moshi, na yale macho yangu yaliyozoea kulia jikoni yalikaa makavu mbele yake nikaona aibu, kama mtu aliyekwenda msibani akashindwa kutoa machozi. Nilikaa pale muda mrefu. Nilifikiria kuni zote ulizobeba.

Kwa hiyo usidhani sielewi unachokwenda kufanya. Ninakielewa. Umenieleza kwamba ipo siku kila nyumba yenye ng'ombe wawili itapika bila kukata mti na bila kusubiri meli, na kwamba magugu haya na uchafu wa samaki wa viwandani vitakuwa mali, na tope linalotoka upande wa pili wa mtambo litarudi shambani kulisha migomba. Nakuamini. Migomba ya Mama Sabina nimeiona. Lakini nimeishi mji huu nikauona ukigeuka, na kila ulipogeuka alikuwapo mtu chini yake. Wanaosema nchi iachane na mafuta wanasema kwenye redio, wamevaa suti. Redioni hakuna shimo. Atakayeshuka ni wewe.

Nije kwenye siku yenyewe. Hatujawahi kuizungumza vizuri. Tumeifanyia utani tu.

Mtambo wa Mama Sabina ulikuwa umeziba, moto umekuwa mdogo kama wa mshumaa. Fundi Deusi alikuwa Magu kwenye kazi nyingine. Mama Sabina ana maziwa ya kuchemsha na wateja wake, hana subira. Wewe ukasema, "Naweza. Juu limefanya gamba, linataka kuvunjwa." Mlifungua mfuniko mkauacha wazi usiku kucha. Asubuhi nikaja na kuku kwenye kikapu.

Kuku nilifundishwa na babu yako baada ya lile tangi. Alikuja wodini, akamtazama baba yako alivyofungwa bandeji, akaniambia, "Mahali panaponuka, usishushe tena moto. Shusha kuku." Nilimwambia kwamba kauli hiyo ingetufaa wiki iliyopita. Akasema hata yeye anajua.

Mlinicheka wote. Yule kaka wa Mama Sabina, Charles, akauliza, "Mama Kabula, huyu kuku naye ana cheti?" Nikamshusha hivyo hivyo. Nikahesabu moyoni mpaka nikachoka, nikamvuta. Akatoka mzima, ana hasira, akamdonoa Charles kidoleni. Ukasema, "Umeona, mama?" Ukajifunga kamba kifuani, ukashuka na jembe.

Na mimi nikaona. Kuku alikuwa amesema hewa ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Nikalegea. Lakini kamba sikumpa mtu, nikawa nakuita. Kabula. Unaitika. Kabula. Unaitika. Nikasikia jembe linakata gamba. Kabula. "Mama, unanichosha, nafanya kazi." Harufu ya mayai yaliyooza ikapanda mpaka Mama Sabina akaziba pua kwa kanga. Nikakuuliza kama unaisikia hiyo harufu. Ukajibu, "Ilikuwepo. Sasa imeisha."

Sisi huku juu tulikuwa bado tunaisikia.

Nikaita tena. Hukuitika. Nikavuta kamba, nikakuta uzito wako wote umekaa juu yake.

Sijui kama mtu amekueleza yaliyofuata kama yalivyokuwa. Charles alivua shati. Kijana wa watu ana moyo mzuri na mabega kama ng'ombe, akasema, "Namfuata," na mguu mmoja ukaingia kwenye tundu. Mimi kamba iko mkono mmoja. Nikamshika mkanda wa suruali kwa ule mwingine, akanivuta tunakwenda wote, basi nikamuuma mkono. Nilimuuma kwelikweli, Kabula, mpaka akapiga kelele akakaa chini. Alama anayo. Anawaonyesha watu, anasema aliumwa na mamba wa Nyakato. Angeshuka yule, tungezika wawili, na hata wewe tusingekutoa, maana angekuangukia.

Baba yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Unajua vidole vyake havifungi. Kamba hawezi kuishika, hata kikombe anakibeba kwa viganja viwili. Alisema, "Nifunge." Nikampitishia kamba kiunoni, nikafunga fundo la kisima alilonifundisha babu yako, na baba yako akageuka akaanza kutembea kuelekea barabarani kama ng'ombe wa jembe. Hakutazama nyuma. Mama Sabina na mimi tuliiongoza kamba isikwame kwenye ukingo. Nilikuwa naona mgongo wake unakwenda, na kila hatua aliyopiga wewe ulikuwa unapanda, na yeye hajui anavuta mtoto aliye hai au la. Alifika kwenye mtaro wa barabara ndipo kichwa chako kikatokea.

Rangi yako sitaiandika.

Tulikulaza penye upepo. Ulikohoa, ukatapika, ukafungua macho, na neno la kwanza ulilosema ni, "Jembe limebaki." Mama Sabina alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikumbuki kilichotangulia. Baba yako alikuwa bado kule barabarani na kamba kiunoni, anaogopa kugeuka. Ilibidi nimwendee nimwambie, "Baba Kabula, geuka. Anadai jembe."

Fundi Deusi aliporudi hakutugombeza kwa kelele. Ingekuwa nafuu. Alitukalisha, akaeleza kwamba lile gamba lilikuwa limefunika gesi chini yake, na wewe ulipolivunja uliifungulia mlango ukiwa umesimama mlangoni. Akasema gamba linavunjwa kwa mti mrefu ukiwa nje, na kwamba pua inayosema harufu imeisha ni pua iliyokwisha kufa. Kisha akaliandika jina lako kwa ajili ya Arusha. Nilimfuata nje nikamwuliza kama ana akili. Kati ya vijana wote aliowafundisha, anamchagua aliyekaribia kufa? Akaniambia, "Mama, wengine wote wanaamini hawatakufa."

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Koroboi ilisema kweli kisimani, ikatuunguza kwenye tangi. Kuku alisema kweli kwa dakika ile aliyokuwa chini, na wewe ukaibadilisha kweli yake kwa jembe. Huko Arusha watakupa vipimo vya kisasa, na vitakuwa bora kuliko kuku wangu. Vitumie. Lakini kipimo kinajua kilichopo, hakijui unachokwenda kukivuruga. Na wewe kazi yako ni kuvuruga. Mnajenga kitu ambacho hapa kwetu hakuna aliyekijenga zamani akaacha maonyo. Makosa yenu hayajafanywa bado, mwanangu. Hilo ndilo linaloninyima pumzi.

Juzi nilimwomba baba yako akuzuie. Ndiyo, nilimwomba. Nilijua mimi hutanisikia, yeye ungemsikia. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati, na unajua hilo linavyomchukua muda, sikumsaidia maana hapendi. Alipomaliza akasema, "Minza, hayo mashimo yatajengwa. Waoga wote wakikaa nyumbani, yatajengwa na wasioogopa, na watoto wa watu watashushwa humo bila hata kuku." Nikaenda kutafuta sindano na uzi.

Basi nenda. Sikuzuii, na nauli ya kurudi nimeishona mwenyewe kwenye pindo la sketi yako ya kaki. Ila kuna kitu kimoja nakuomba, na hiki si ushauri, ni ombi la mama kwa mwanawe.

Ukiwa huko utapata marafiki, na baadhi yao watakuwa jasiri. Watakuambia, "Shuka, mimi nipo, likitokea lolote nakufuata." Huyo mpende, kula naye, cheka naye, ukitaka hata uolewe naye. Kamba usimpe. Anayesema atakufuata ni maiti wa pili. Kamba mpe mwoga. Mpe yule anayeuliza mara mbili, anayekagua fundo ulilokwisha kulikagua, ambaye wenzake wanamwona msumbufu, anayekuita kila ukipumua mpaka unatamani umrushie tope. Mimi nilikuchosha siku ile. Nilikuchosha makusudi bila kujua, na kwa sababu nilikuwa nakuchosha, ulipokosa kuitika nilijua hapo hapo. Angekuwa mtu mwenye adabu ya kukuacha ufanye kazi, angekuacha.

Nakusikia sasa, unaongea na Mama Sabina kwenye uzio, umerudi mapema kuliko nilivyodhani. Shangazi leo ameomba kifupi. Mwanga nao unakwisha. Karatasi hii nitaiweka chini ya nguo zako, utaikuta ukishafika, wakati hatutaweza kubishana.

Siku ya kwanza watakapokuambia shuka, usiangalie chini. Chini utapaona tu ukifika. Angalia juu kwanza, uone nani ameshika kamba. Mwulize jina lake, umwambie lako, umwambie aliite tangu unapoingia mpaka unapotoka, kwa sauti, mbele ya watu. Ukiona anaona aibu kuita, fungua hilo fundo kifuani, panda basi, rudi nyumbani. Sitakuuliza kwa nini umerudi.

Mama yako,
Minza